Mwongozo Kamili: Kuomba Kazi ya Uhadhiri na Utafiti Chuo Kikuu Ukiwa Amu au Malindi

Tangazo la kazi ya uhadhiri hukaa wazi wiki mbili, likirefuka sana tatu. Karatasi linazozidai huchukua miezi kupatikana, na kwa sisi wa Amu (mji wa Lamu), Faza, Witu au Malindi kuna safari juu yake. Hapo ndipo wengi wetu wanapoangukia, wala si kwenye elimu. Nimekaa na vijana wenye shahada za uzamili, mmoja na uzamifu (PhD) kabisa, wakihangaikia transkripti, ile orodha rasmi ya alama za chuo, siku tatu kabla ya dirisha kufungwa, na nimeumia kila mara, kwa sababu kazi ile walikuwa wanaiweza. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mambo ya kufanya tangazo likiwa bado halijatoka.

Hatua ya 1: Jua ngazi unayoiomba

Vyuo vikuu vya umma nchini Kenya hupanga wahadhiri kwa gredi, na tangazo huzitaja kwa namba. Gredi ya 11 ni Tutorial Fellow: mtu mwenye shahada ya uzamili aliyekwisha kusajiliwa kwa uzamifu, anafundisha huku akisoma. Gredi ya 12 ni mhadhiri, 13 mhadhiri mwandamizi, 14 profesa mshiriki, 15 profesa. Chini ya hizo kuna nafasi za wasaidizi kwa waliomaliza digrii ya kwanza kwa alama za juu na wanaendelea na uzamili.

Vigezo vya msingi viliwekwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, mwaka 2014, na kila chuo kinaongeza yake juu. Lililo muhimu kwako ni hili: uhadhiri wa gredi ya 12 kwa kawaida unadai uzamifu. Yako masomo machache ambayo mwenye uzamili na tajiriba hukubaliwa, na tangazo litasema wazi. Lisiposema, usijipe moyo kwamba watakufikiria. Mwenye uzamili tupu na aombe gredi ya 11, na kabla ya hapo ahakikishe amesajiliwa kwa uzamifu mahali, ana barua ya usajili mkononi. Bila barua ile, ombi la Tutorial Fellow halina miguu.

Utafiti una ngazi zake. Taasisi za utafiti huajiri watafiti wasaidizi hata kwa digrii ya kwanza, na kwa kijana wa Pwani hiyo mara nyingi ndiyo njia fupi ya kuingia. Nitalirudia hili mbele.

Hatua ya 2: Majina yako yasomeke sawa katika kila karatasi

Hatua hii nimeipa nafasi kubwa kwa sababu ni ugonjwa wetu watu wa mwambao. Mtoto anazaliwa nyumbani, cheti cha kuzaliwa kinaandikwa baadaye na karani asiyeyajua majina yetu. Shuleni mwalimu anaandika anavyosikia. Kwenye kitambulisho linaingia jina la babu. Chuoni, kama ulisoma Uarabuni, wanaandika kwa mtindo wao. Mwisho wake mtu mmoja ni Athman Shee kwenye cheti cha sekondari, KCSE, Athumani Mohamed kwenye kitambulisho na Othman Mohammed Shee kwenye digrii.

Mimi mwenyewe jina la babangu lina d moja kwenye cheti cha sekondari na d mbili, na herufi nyingine ya ziada, kwenye shahada. Nilituma ombi chuo fulani, nikanyamaziwa. Miezi baadaye karani mmoja wa pale aliniambia kwa upole kwamba faili langu liliwekwa kando kwenye mchujo wa mwanzo: vyeti vilionekana ni vya watu wawili. Hakuna aliyefika kwenye tasnifu yangu. Waliishia kwenye jina.

Fanya hivi. Chukua jioni moja, tandika vyeti vyote mkekani: cha kuzaliwa, kitambulisho, KCPE ya msingi, KCSE, digrii zote, transkripti zote, cheti cha PIN ya KRA (mamlaka ya kodi), pasipoti kama unayo. Kwenye daftari andika jina kama lilivyo katika kila kimoja, herufi kwa herufi, na nukta zake. Usitegemee macho. Macho yako yamezoea kujiona wewe, kwa hiyo yatakuambia yote ni sawa.

Tofauti ikiwa ya tahajia au ya mpangilio, nenda kwa wakili au kamishna wa viapo uape hati ya kiapo inayosema kwamba majina haya yote, yakitajwa moja moja, ni ya mtu mmoja. Mahakama ziko Amu na ziko Malindi, na mawakili hawako mbali nazo. Soma hati kabla ya kutia sahihi: nimewahi kuona hati ya kurekebisha jina ambayo yenyewe ililikosea jina. Kama umebadilisha jina kabisa, kiapo hakitoshi. Utahitaji hati ya kubadilisha jina iliyosajiliwa na kutangazwa katika Gazeti Rasmi la serikali, na hilo huchukua muda, basi lianze mapema. Dada aliyechukua jina la mume aweke cheti cha ndoa cha Kadhi pamoja na vyeti vyake vya shule.

Cheti cha KCSE kikiwa kimepotea, au kimeliwa na unyevu kama vinavyoliwa vyeti vingi vya Amu, baraza la mitihani, KNEC, hutoa kipya kupitia mfumo wake wa mtandaoni wa QMIS. Vilivyobaki vitie kwenye mifuko ya plastiki inayofungika, uviweke juu, mbali na ukuta. Kuta zetu za matumbawe hutoa jasho, na karatasi ikilala nayo mvua moja tu ina madoa. Kisha viskani vyote kwa rangi, kila cheti faili lake la PDF, ulipe jina linaloeleweka: jina lako, mstari, jina la cheti. Weka nakala kwenye simu, kwenye barua pepe yako, na kwa mtu mmoja unayemwamini.

Hatua ya 3: Waliosoma Madina, Cairo, Khartoum na kwingineko

Amu na Malindi zina watu wengi waliochukua digrii nje, hasa Madina, Al-Azhar na Khartoum. Ni elimu nzito. Lakini shahada ya nje haihesabiwi na chuo cha Kenya mpaka itambuliwe rasmi na kulinganishwa na za hapa, na mlango wa kuanzia ni CUE. Utahitaji cheti, transkripti kamili, vyeti vya sekondari na kitambulisho. Kilichoandikwa kwa Kiarabu kitafsiriwe kwa Kiingereza na mfasiri anayetambulika, mwenye muhuri. Rafiki yako anayejua Kiarabu vizuri kukushinda hatoshi kwa kazi hiyo.

Usisubiri tangazo. Barua ya utambuzi haina dharura ya mtu: inakuja wakati wake.

Waliosoma Khartoum wana mtihani wao. Vita vilivyoanza Aprili 2023 vilivuruga vyuo vya kule, na kuna waliotoka na cheti bila transkripti. Kama ni wewe, kusanya kila ulichonacho: barua ya kukubaliwa, matokeo ya muhula mmoja mmoja, hata picha ulizopiga kwa simu. Waandikie ofisi ya msajili wa chuo chako kwa barua pepe, urudie, uhifadhi kila jibu. Waulize na wenzio wa darasa lako, maana mara nyingi mmoja amekwisha kujua ofisi ipi inajibu na ipi imefungwa.

Na jambo moja la kuwatia nguvu wanachuoni wetu. Ijaza, ile idhini ya kusomesha uliyopewa na shekhe wako, haihesabiwi kama digrii, lakini iandike kwenye wasifu wako, katika sehemu ya ujuzi. Mtu anayesoma Kiswahili kilichoandikwa kwa hati za Kiarabu, anayeweza kuketi na msahafu wa kale au utendi na akausoma bila kukwama, ana ujuzi ambao idara za Kiswahili, historia na dini zinautafuta na hazinao. Hati za Msikiti wa Riyadha pale Amu ziliwahi kupigwa picha za kidijitali chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa kumbukumbu zilizo hatarini. Hati hizo zinahitaji wasomaji, na wasomaji wake wamezaliwa mitaa ya Langoni na Mkomani.

Hatua ya 4: Jua zilipo kazi

Kwa aliye Malindi, chuo cha karibu ni Pwani University pale Kilifi, kama kilomita 60 kwa matatu. Kilikuwa chuo kishiriki cha Kenyatta University tangu 2007, kikapata hati yake ya kujitegemea Januari 2013. Mwezi huohuo Technical University of Mombasa nacho kilipata yake. Taita Taveta University kiko Voi, kilipewa hati 2016. Hivyo vitatu vijue kurasa zake kwa moyo. Usijifunge Pwani, ila ukianza, anza na unapoweza kufika asubuhi na kurudi jioni, kwa sababu utaitwa kuleta hiki na kile.

Kwa utafiti tuna utajiri ambao vijana wetu hawauoni kwa kuuzoea. Kilifi kuna mpango wa utafiti wa KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na Wellcome Trust ya Uingereza, uliopo tangu 1989, ambao huajiri kuanzia wasaidizi wa nyanjani, ambao lazima wajue lugha za hapa, hadi wanasayansi wenye uzamifu. Taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, makao yake ni Mkomani, Mkomani ya Mombasa si yetu ya Amu. Taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, ina kituo Gede, si mbali na Malindi. Watamu kuna A Rocha Kenya wanaochunguza ndege, misitu na bahari. Makumbusho ya Taifa yana ofisi Amu, Malindi na Gede. Ukikumbuka kwamba zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya imo kaunti ya Lamu, utaelewa kwa nini mtoto wa Matondoni mwenye digrii ya sayansi ya mazingira asianze safari yake kwa kuhamia Nairobi.

Matangazo ya vyuo vya umma hutoka kwenye tovuti ya chuo chenyewe, kwenye magazeti makubwa, na kwenye gazeti la serikali la MyGov linalotoka Jumanne. Jiwekee desturi: kila Jumanne jioni fungua kurasa tano ulizozichagua. Nusu saa inatosha. Tangazo ulilotumiwa kwenye kundi la WhatsApp usilifanyie kazi mpaka ulione kwenye tovuti ya chuo inayomalizikia na .ac.ke. Na hakuna chuo cha kweli kinachotaka pesa ya kushughulikia ombi kwa M-Pesa ya mtu. Akikupigia anayejiita wa ofisi ya ajira na kukuomba «ya chai» ili jina liingie kwenye orodha, kata simu. Nimewajua watu wazima, wasomi, waliotuma.

Kwa walimu wa Kiswahili kuna mlango wa nje pia. Mpango wa Fulbright wa walimu wasaidizi wa lugha huwachukua Wakenya kufundisha Kiswahili vyuo vya Marekani kwa mwaka mmoja wa masomo. Hautoi digrii, lakini unatoa kitu ambacho paneli za mahojiano za hapa hukiheshimu: mwaka wa kufundisha darasa la chuo kikuu. Na kwa anayetafuta pa kusomea uzamifu, DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, ina ufadhili wa kusoma papa hapa Afrika Mashariki.

Hatua ya 5: Lisome tangazo kwa kalamu

Lichapishe. Pigia mstari kila sharti. Kisha kwenye karatasi nyingine andika sharti upande wa kushoto, na upande wa kulia ushahidi ulionao na cheti kinachouonyesha. Upande wa kulia ukibaki mtupu mahali panaposema «lazima», tangazo hilo si lako leo. Ukibaki mtupu panaposema «itakuwa faida», tuma.

Angalia namba ya kumbukumbu ya nafasi, idadi ya nakala, anayeandikiwa, na kama ni kwa posta, kwa mkono, au kwa mtandao. Vyuo vingine bado vinataka nakala nyingi za karatasi, na kwa vyeo vya juu nimeona hadi kumi. Kumi za faili la kurasa arubaini ni pesa ya kweli kwenye saiba, kwa hiyo ijumlishe kwenye hesabu yako mapema.

Hatua ya 6: Barua na wasifu

Barua isizidi kurasa mbili. Isipokuwa idara ya Kiswahili imesema vingine, itaandikwa kwa Kiingereza, na sioni aibu kushauri uifikirie kwanza kwa Kiswahili. Jieleze kwa Kiswahili kana kwamba umeketi barazani na mtu mzima asiyeijua fani yako: umesoma nini, umegundua nini, utafundisha nini. Ukishaeleweka, ndipo uihamishe. Barua nyingi ninazoletwa nizisome zimejaa maneno makubwa ya Kiingereza kwa sababu mwandishi hakuwa na la kusema kwa lugha yoyote.

Tazama tofauti. Mmoja anaandika: ana tajiriba pana ya utafiti wa pwani na ari ya kufanya kazi kwa timu. Mwingine anaandika: kwa miezi kumi na minane alihesabu mikoko michanga katika vipande vya ardhi vilivyokatwa na visivyokatwa, akiwa na wakataji boriti wawili waliomfundisha kutambua aina za mikoko kwa gome, na data yake sasa inatumiwa na mwanafunzi mwingine. Wa pili ameshaingia chumba cha mahojiano.

Wasifu wa kitaaluma si kama wa benki. Unaweza kuwa na kurasa tano au nane bila tatizo. Mpangilio: elimu kwa kuanzia ya juu, na kichwa cha tasnifu yako na wasimamizi wako, kazi za kufundisha, ukitaja majina ya somo moja moja na idadi ya wanafunzi, machapisho, makongamano, ruzuku ulizopata, hata ndogo, wanafunzi uliowasimamia, uanachama wa chama cha taaluma, kisha warejelewa, yaani watu watakaokutolea ushahidi. Picha, dini na idadi ya watoto haviombwi na mtu. Tengeneza namba yako ya ORCID, ya kumtambulisha mtafiti mtandaoni, ni bure, na fungua ukurasa wako wa Google Scholar. Hizi humsaidia sana mtu mwenye majina yaliyoandikwa namna tatu, kwa sababu zinakusanya kazi zake zote mahali pamoja.

Hatua ya 7: Machapisho

Kwa gredi za juu tangazo hutaja pointi za machapisho. Makala mliyoandika wanne pointi zake hugawiwa, kwa hiyo usihesabu kila makala kama ni yako peke yako. Kwa anayeanza, makala moja au mbili katika jarida la kuheshimika zinazotokana na tasnifu yako zinatosha kukuweka mbele.

Jihadhari na majarida ya kula pesa. Dalili zake: wanakuandikia wao kwanza kwa sifa nyingi, wanakubali makala kwa siku nne, hawarudishi maoni yoyote ya wasomaji, wanadai dola. Kabla ya kutuma, tafuta jarida hilo kwenye orodha za majarida za mtandaoni: DOAJ, Scopus, au African Journals Online. Mwandishi wa Kiswahili ana majarida yenye jina, mathubuti miaka mingi: Kiswahili na Mulika ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Swahili Forum ya Ujerumani, ambayo husomwa bure mtandaoni. Kwenye paneli huwa kuna angalau mtu mmoja anayeyajua majarida, na makala iliyonunuliwa humwondolea mwombaji heshima ya zile alizozitolea jasho.

Hatua ya 8: Warejelewa

Wanatakiwa watatu. Chagua msimamizi wako wa tasnifu, mtu aliyekuona ukifundisha, na mmoja wa nje ya chuo ulichosoma. Waombe ruhusa kila mara, hata kama waliwahi kukubali, na uwatumie tangazo, barua yako na wasifu wako, kwa sababu vyuo vingi hutaka barua zao ziende moja kwa moja kwa siri na kabla ya siku ya mwisho. Profesa ana maombi ishirini mezani. Mkumbushe kwa adabu wiki moja kabla, na tena siku tatu kabla: «Shikamoo profesa, nakumbusha ile barua ya Pwani, mwisho ni Ijumaa.» Hakuna atakayekasirika.

Hatua ya 9: Kutuma

Kama ni kwa karatasi na uko Amu, hesabu nyuma. Boti hadi Mokowe, basi kupitia Witu, Minjila na Garsen hadi Malindi, ukaguzi njiani, kisha Kilifi au Mombasa: ni siku nzima, na siku nyingine barabara inafungwa kwa mvua au usalama. Tuma kwa njia ya posta inayofuatiliwa au kwa mtu anayekwenda, angalau siku tano kabla, na mwambie aitishe muhuri wa kupokewa kwenye nakala yako. Kama ni kwa mtandao, usingoje usiku wa mwisho. Mifumo huelemewa, na umeme wetu mnaujua.

Hatua ya 10: Mahojiano

Ukiitwa, fika mji ule siku moja kabla. Kama ni kwa video, usikae nyumbani ukitegemea bando na kudra: tafuta hoteli au ofisi yenye jenereta, nenda jana yake ujaribu sauti, na weka namba ya simu ya katibu wa paneli karibu.

Chumbani utakuta watu watano hadi wanane: mwakilishi wa baraza la chuo, Naibu Chansela au msaidizi wake, mkuu wa kitivo, mkuu wa idara, mtu wa ajira, mara nyingi na mtaalamu wa nje. Salamu iwe fupi na ya heshima. Watakuuliza kuhusu tasnifu yako, utafundisha masomo gani ya idara (kwa hiyo soma orodha ya kozi zao kwenye tovuti), pesa za utafiti utazitoa wapi, na ulivyochangia jamii. Jua angalau mifuko miwili ya kuomba ruzuku, mmoja wao ule wa taifa wa utafiti, na jua kibali cha utafiti hutolewa na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi.

Kisha kuna somo la mfano. Mimi langu la kwanza lilikuwa la dakika kumi na tano, na nilikwenda na slaidi thelathini na sita. Projekta ilikataa kuwaka. Nilisimama nikiiangalia, nikibonyeza, nikiomba radhi, mpaka mama mmoja wa paneli aliyekuwa kimya tangu mwanzo akaniambia: «Mwanangu, ubao huo hapo.» Nilichukua kalamu ya ubao, mkono ukitetemeka, lakini dakika tatu zilikuwa zimekwisha, na sikujua lipi nilitaje na lipi niliache, kwa sababu nilikuwa nimeandaa slaidi, sikuandaa somo. Kazi ile sikuipata na walikuwa na haki.

Tangu hapo namfanyisha hivi kila anayenijia: somo moja, wazo moja, mfano mmoja wa hapa hapa, swali moja la kuwashirikisha walioketi, na liwe linaweza kufundishwa kwa chaki tu. Ukifundisha fonolojia, chukua neno moja linavyotamkwa Amu na linavyotamkwa Mvita, lichambue mbele yao. Ukifundisha uhandisi, chukua jahazi. Lifanyie mazoezi mara tatu mbele ya watu wasioijua fani, na mmoja ashike saa. Watakuuliza pia utalifundishaje darasa la wanafunzi mia tatu. Jibu la kweli, lenye vikundi, kazi ndogo za kila wiki na njia ya kusahihisha, linawapendeza kuliko nadharia.

Hatua ya 11: Ukifundisha kwa muda

Wengi huanza kwa kufundisha kwa muda, wakilipwa kwa somo. Naupendekeza, kwa mwaka mmoja au miwili, kwa sababu unajulikana na idara na unapata tajiriba inayodaiwa. Lakini ingia ukijua malipo huchelewa, mara nyingine miezi mingi. Usianze bila barua inayotaja somo, idadi ya saa na kiwango cha malipo. Andika kila kipindi ulichofundisha na utie sahihi orodha ya darasa. Fomu ya madai ipeleke wiki ile ile muhula unapokwisha, na ubaki na nakala yenye muhuri. Na uwe na kazi nyingine ya kukulisha. Mwenye watoto asiweke karo yao juu ya pesa hii.

Hatua ya 12: Ofa ikija

Baada ya kukubaliwa, wakati mwingine hata kabla, utatakiwa kuleta vyeti vya uadilifu: cha mwenendo mwema kutoka DCI (idara ya upelelezi), ambacho nilipokichukua mara ya mwisho ada yake ilikuwa shilingi 1,050 kupitia eCitizen na alama za vidole zikachukuliwa Huduma Centre, cha kodi kutoka KRA, cha HELB ya mikopo ya wanafunzi, cha CRB ya rekodi za madeni, na fomu ya EACC, tume ya kupambana na ufisadi. Soma tangazo ujue wanavitaka lini, kwa sababu vinagharimu na vingine huisha muda. Deni la HELB lisikutishe: anza kulipa kidogo kidogo sasa, cheti hupatikana kwa aliye kwenye mpango wa kulipa.

Isome barua ya ajira pole pole. Ni ya kudumu na pensheni au ya mkataba? Muda wa majaribio ni miezi mingapi? Posho ya nyumba imo? Mshahara unaanzia hatua ipi ya gredi? Kama wewe ni mwalimu wa TSC, tume ya kuajiri walimu, usiandike barua ya kujiuzulu kwa sababu umepigiwa simu ya pongezi. Ngoja barua yenye sahihi, ndipo utoe notisi kwa muda unaotakiwa. Mwisho kuna fomu ya afya, ambayo hujazwa na daktari wa serikali: aliye Amu aende hospitali ya King Fahd asubuhi na mapema, na kitambulisho.